Hodi ya Kipimajoto

“Ukifunga mlango, mtaje uliyemwacha nje.” Mnaisema kila siku hapa karakanani, na leo mmeniuliza ilikotoka. Ilitoka kwenye maziwa.

Marehemu mke wangu, Atupele, ndiye aliyeandika kiini cha programu inayoendesha matangi yetu ya kupozea maziwa hapa Njombe. Kiini ni kama mwenye nyumba. Kifaa chenye jambo hukikatiza kazi kwa kupiga hodi, nacho kiini huacha kilichokuwa kikifanya, kikasikiliza. Hodi zikizidi, unaweza kuchagua kufunga mlango. Kwenye maelezo ya uchaguzi huo Atupele aliandika maneno mawili tu: “Hupunguza usumbufu.”

Fundi wetu Luhanga alikwenda kusimika tangi la ushirika wa akina mama. Mizani ya kupimia maziwa ikawa inapiga hodi mfululizo, skrini inakwama. Akasoma maelezo, akafunga mlango. Skrini ikatulia. Akarudi mjini akipiga mluzi.

Asubuhi mwenyekiti wao, mama Mwalongo, aliweka kiganja kwenye tangi, akapiga simu.

“Luhanga mwanangu, tangi lako lina homa.”

“Haiwezekani, mama. Skrini inasemaje?”

“Nyuzi nne, tangu jana. Njoo basi unywe mtindi wako wa nyuzi nne!”

Maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yameganda. Kipimajoto kilipiga hodi usiku kucha, kikiomba mashine ya kupoza iwashwe, na mlango umefungwa. Akina mama wakasema yakiharibika tena, tangi watalibeba wenyewe kichwani kulirudisha mjini.

Luhanga alirudi amevimba kwa hasira. “Shemeji, uliandika usumbufu. Ningejuaje kwamba kipimajoto nacho ni msumbufu?”

“Hukukosea kusoma,” Atupele alisema. “Nilijiandikia mimi, ninayejua tayari.”

Akaketi akaandika upya: “Ukichagua hili, mizani na kipimajoto havitajibiwa. Maziwa yakipata joto, tangi halitajua.” Kisha akaenda mwenyewe kuwasomea akina mama.

Mama Mwalongo alisikiliza hadi mwisho. “Haya, hiyo hata mimi naielewa. Ukifunga mlango, mtaje uliyemwacha nje. Tangi libaki.”

Limebaki mpaka leo, linapoza. Atupele hayupo. Lakini juzi nilimwona mmoja wenu akitaka kufunga mlango uleule. Akasoma maneno ya Atupele, akaondoa kidole. Nikajua bado anafanya kazi humu.

Basi nanyi mkiandika, mwandikieni asiyewajua. Ukifunga mlango, mtaje uliyemwacha nje.