Mbu wa Kizimba cha Tisa

Leo simwiti sungura wala fisi. Hao wamechoka kusingiziwa. Namwita mbu. Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali, na atakayejibu "sijui" ataosha vyombo.

Chini ya milima ya Usambara palikuwa na kituo cha kuchunguza mbu, na humo watu watatu wenye vipaji vyao. Daktari Tausi alijua kumdunga mbu sindano nyembamba kuliko unywele, na mbu akaruka zake salama. Mbelwa alijua kumpasua mbu chini ya darubini na kuyatoa mayai yake bila kuyapasua. Bi Mwajabu alijua kuwafuga. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini kwa miaka kumi na tisa alivilisha viluwiluwi vya mbu, na vikishakuwa mbu aliwaingizia mkono kizimbani wakanywa damu yake.

Daktari Tausi alikuwa na swali lililomnyima raha. "Damu ina chuma," aliwaambia wenzake. "Kikizagaa tumboni mwa mbu, sumu. Kikifika kwenye mayai, riziki. Ipo protini inayokishika na kukibeba. Tukimnyima mbu mpagazi huyo, atazaa?"

Basi akakaa siku tatu, shingo imemkakamaa, akiwadunga mbu mia mbili mmoja baada ya mwingine dawa ya kuzuia protini ile isitengenezwe. Akawatia kizimba cha tisa.

Bi Mwajabu akawalisha kwa mkono wake. Siku ya nne akakagua karatasi za kutagia. Za vizimba vingine zilikuwa nyeusi kwa mayai. Ya kizimba cha tisa ilikuwa na mayai thelathini tu, tena ya kuokoteza.

Mkuu wa kituo, Bwana Kihiyo, hakutaka maelezo. "Umesahau kutoa pamba ya sukari, Bi Mwajabu."

Hilo ni kosa la wafuga mbu. Pamba yenye maji ya sukari hutolewa kizimbani siku moja kabla ya kuwalisha damu. Ikibaki, mbu hushiba sukari na kuikataa damu, na bila damu hakuna mayai. Bi Mwajabu aliwahi kulifanya mara moja, mwaka wake wa kwanza, na hapo kituoni mtu alikuwa hasamehewi mpaka astaafu. Daktari Tausi mwenyewe, asiyejua kama ni dawa yake au ni pamba, alitazama chini.

"Watie friza wafe, tuanze upya," alisema Mkuu. "Na barua ya onyo utaipata."

Hasira ilimpanda Bi Mwajabu mpaka masikio yakawaka. Akakunja mkono wa gauni. "Hesabu vipele hivi, Mkuu. Mbu aliyeshiba sukari ndiye kanifanya hivi?"

"Friza, Bi Mwajabu."

"Sitii." Akaegemeza mgongo wake kwenye mlango wa friza. "Barua andika, hata mbili. Lakini hawa hawafi bure mpaka wapasuliwe tuone walichokula."

Mkuu akaondoka akifoka. Mbelwa, aliyekuwapo muda wote kwenye meza yake, akavuta kiti. "Niletee, mama," alisema. Akapasua mbu arobaini wa kizimba cha tisa na arobaini wa cha nane, wasiodungwa dawa, akawapaka dawa inayogeuza chuma kuwa buluu. Wale wa kizimba cha nane, buluu ilikuwa imefika kwenye mayai. Wale wa cha tisa, buluu ilikuwa imejazana tumboni, na mayai yao yalikuwa madogo, meupe, hayana kiini.

"Wamekunywa!" Mbelwa alipiga kelele. "Chuma kimekwama njiani. Dada Tausi, swali lako limejibiwa!"

Barua ya onyo haikuandikwa tena. Ikaja barua nyingine: chuo kimoja kinatoa nafasi moja ya masomo, miaka miwili, kwa mtu aliyeleta ugunduzi ule. Cheti hakidaiwi. Jina ni moja tu.

Mkuu akaiweka fomu mezani, akawaacha watatu wajadiliane.

"Bila swali langu na sindano yangu, wale wangekuwa mbu wa kawaida tu," alisema Daktari Tausi.

"Bila jicho langu mngekuwa na mbu wasiozaa na msijue kwa nini," alisema Mbelwa. "Na nina miaka minane naomba masomo, nanyimwa."

Wakamgeukia Bi Mwajabu, wakitarajia ashukuru na kujitoa, kama ilivyozoeleka. Naye alijua wanatarajia hivyo. Nafasi nyingine yenye mlango usiodai cheti, kwa umri wake wa miaka arobaini na minne, haingekuja.

"Mbu wale walikuwa wameshahukumiwa kufa," alisema. "Ninyi wawili mlikuwepo. Nani alisema hapana?"

Akaivuta fomu kwake.

"Mimi naitaka. Siombi radhi kuitaka. Anayeona si haki yangu aniambie sasa hivi, hapa, usoni pangu."

Fomu bado haijajazwa, jamani, na Mkuu yuko mlangoni anasubiri. Mmoja aliuliza, mmoja aliona, mmoja alikataa. Haya, ninyi mliokaa hapa: mnaandika jina la nani? Na wale wawili watakaobaki, mtawaambia nini?