Nozeli Tatu za Mama Tusekile

Nozeli inayoguna usiitupe.

Mmeusikia msemo huo leo kikaoni, vijana, mkacheka, kisha mkauliza ulikotoka. Ulitoka hapahapa Ileje, kwenye mashine ya kusaga ya kina mama, na mwanzo wake ni huu.

Mashine hiyo iliendeshwa na injini ya dizeli ya silinda tatu, na mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Tusekile, mchapakazi asiyependa kelele. Nozeli, zile pua za chuma zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zilipochakaa, alisafiri mwenyewe hadi Tunduma kutafuta nyingine. Muuza vipuri vya mtumba akawa anamfungia mojamoja kwenye pampu ya kupimia ili achague. Baadhi ziliguna, krrr, krrr, kama kuku anayeatamia akisogezwa. Nyingine zilitoa mafuta kimyakimya. Mama Tusekile hakuona ugumu wowote hapo: kinacholalamika ni kibovu. Akachagua tatu tulivu kuliko zote, na muuzaji, ambaye hakuwa na desturi ya kubishana na mteja, akazifunga upesi kwenye gazeti.

Injini ikawaka kwa taabu, ikatoa moshi mweusi hata nguo za majirani zikabadilika rangi kambani. Mahindi yakitiwa, inazimika. Wateja wakaanza kuvuka mto kwenda kusaga ng'ambo.

Wanachama wote waliona, wakanyamaza, isipokuwa Nsungwa. Huyo alikuwa na domo!

"Mwenyekiti, moshi huo ni dizeli isiyoungua," alisema kila siku. "Nozeli ulizoleta hazifai."

Maneno hayo yalimchoma Mama Tusekile, hasa kwa kuwa yalisemwa mbele za watu. Akaitisha kikao cha Jumamosi, ajenda moja tu: kumtoa Nsungwa kikundini. Na Nsungwa alikuwa na watoto wanne, waliokula kwa mgawo wake wa unga.

Jumamosi asubuhi injini ikagoma kabisa. Akaitwa Fundi Kamwela, naye akaja na pampu yake ya kupimia. Akafungua nozeli moja ya Tunduma, akaifunga pampuni, akasukuma mpini. Mafuta yakachuruzika tone kwa tone. Akafunga nyingine aliyokuja nayo mwenyewe. Ikaguna, krrr, na mbele yake pakatanda ukungu mwembamba wa dizeli.

"Hiyo mbovu, baba. Inalalamika," alisema Mama Tusekile.

Fundi akacheka hadi akauachia mpini.

"Mama yangu, hiyo ndiyo nzima! Na usisogeze mkono hapo, mafuta hayo hupenya ngozi. Ndani mna sindano iliyobanwa na springi. Mafuta yakisukumwa, sindano inakataa mpaka presha ijae. Ndipo inainuka, inapuliza, inafunga tena, upesi upesi. Kuguna kwenyewe ndiko huko. Hii yako imelegea, haikatai kitu. Inaachia tu mafuta yadondoke, nayo hayaungui sawasawa. Nani alikuchagulia hizi?"

Mama Tusekile alitamani ardhi immeze. "Nilichagua mwenyewe," alisema.

Kufika adhuhuri injini ilikuwa inanguruma kwa nozeli za fundi, na moshi wake ukawa hauonekani. Kina mama wakaingia kikaoni. Nsungwa alikuja amevaa kitenge chake cha sikukuu, maana alikuwa ameapa kwamba hatafukuzwa akiwa na nguo za shamba.

Mama Tusekile akasimama. "Kabla ya ajenda, nauliza. Mbali na Nsungwa, nani mwingine aliuona ule moshi?"

Ikanyooshwa mikono kumi na minne.

"Mbona hamkuniambia?"

Mmoja akasema, "Tuliogopa kukuudhi, mwenyekiti."

"Lo! Kumbe nilikwenda Tunduma kununua nozeli kimya tatu, na hapa nyumbani ninazo kumi na nne!"

Kicheko kilichozuka kiliwafanya wateja waliokuwa nje wachungulie. Mama Tusekile naye alicheka, ingawa machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akamgeukia Nsungwa.

"Dada, nisamehe. Ajenda nimeifuta. Kuanzia leo hatununui hata mkanda kabla hujaukagua."

"Nitaukagua," alijibu Nsungwa. "Ila kikao hiki kimechelewa kuanza, na hakuna aliyesema."

Ndipo Mama Tusekile akawaambia wenzake maneno ambayo hata leo husemwa Ileje, kila mtu anapotaka kumfukuza anayemwambia ukweli: nozeli inayoguna usiitupe.