Matofali ya Bwana Tadei

Tajiri akipania kukusaidia, jifiche. Ukuta wa kanisa letu la kale, la mawe ya matumbawe, ulipobomoka, Bwana Tadei aliamuru uzibwe kwa matofali ya saruji ya kiwanda chake, yenye jina lake. Padri, aliyetaka mawe yanayofanana, akanywea.

Bibi Skola, mfagiaji wa kanisa, akapiga vigelegele. "Matofali mazuri hayo, baba! Ila humu watu husali wamefumba macho, nani atayaona? Ukuta wa ua wako ndio uko barabarani, na bado ni matumbawe ya enzi za babu yako. Aibu!"

Wiki ile ile Tadei akaubomoa. "Na hii takataka niitupe wapi?"

"Tutupie sisi, baba. Maskini tumezoea."

Akaileta kwa lori lake mwenyewe. Leo hata Padri haoni kiraka kilipo.