Mshono Mweupe wa Mtungi wa Zubarajadi

Wanaokumbuka mambo ya kale husimulia kwamba mji wa Zubarajadi ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Nasri, na katika sebule ya kasri yake palikuwa na mtungi mkubwa wa shaba nyekundu wenye shingo ya chuma, na ndani yake amelala jini Samumi, ambaye pumzi yake moja hukausha kisima. Mshono wa shingo ukazeeka, ukaanza kuvuja moshi, na Sultani akamwita Idarusi mfua shaba, akamwamuru auzibe kabla jini hajaamka.

Idarusi huyu alikuwa fundi kwelikweli, ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kupenda sifa. Mishono yake haikuonekana. Watu walipitisha kidole juu ya birika zake wakaapa kwamba zilizaliwa hivyo. Alijua vema kwamba lehemu ya risasi na bati haifai, maana joto la jini lingeiyeyusha kama samli. Alijua pia kwamba fedha ikichanganywa na shaba kidogo huyeyuka mapema, mtungi ungali imara, na hushika shaba na chuma kwa pamoja, na ikishapoa haiachii. Lakini fedha ingeacha mstari mweupe shingoni. Binti yake Badria, aliyekuwa akivuta mivukuto, akavua bangili mbili za fedha alizowekewa kwa harusi yake, akamsihi azitumie. Baba akazirudisha akicheka, akasema hawezi kumpelekea Sultani mtungi ulioshonwa kama kiatu.

Akachagua shaba ya njano, na kwa kuwa unjano wake ulimuudhi, akaizidishia shaba nyekundu ili rangi ilingane na mtungi, na kila alivyoizidishia ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu kuyeyuka, naye akazidi kuuchochea moto, hata lehemu ilipokubali kutiririka mtungi wenyewe ulikuwa karibu kutiririka nayo. Chini ya mshono shaba ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa nje ikapendeza mno. Sultani aliutafuta mshono asiuone, na Idarusi akarudi nyumbani amevimba kichwa, masikini, hajui alichokifanya.

Hazikupita siku nyingi Samumi akaamka, akaegemea pale palipo pembamba, akatoka. Visima vya Zubarajadi vikakauka kimoja baada ya kimoja, na watoto wakalamba umande wa mawe, na maiti wakatayamamishwa kwa mchanga kwa kukosa maji ya kuwaosha. Sultani akapanda mwenyewe juu ya paa la kasri, alipokaa jini, akamuuliza anataka nini.

"Ewe Ghalibu," akasema Samumi, "mimi sikuuchukia mtungi, niliuchukia upweke. Niozesheni binti wa fundi aliyeniachia njia, nami nitarudi ndani kwa hiari, na maji yenu yatarudi. Na mlango aufunge baba yake."

Idarusi akaanguka miguuni pa Sultani, akaomba achukuliwe yeye, auawe, afanywe lolote. Sultani akalia naye, lakini hakubadili neno, maana nyuma yake ulikuwa mji mzima wenye kiu. Badria ndiye aliyemwinua baba yake.

"Baba, watu wanakufa kwa kazi iliyotoka karakanani kwetu," akamwambia. "Basi nipe radhi zako, na safari hii utie lehemu inayofaa."

Akamwekea bangili moja kiganjani, na ya pili akabaki nayo mkononi. Kadhi akafungisha nikahi, na mahari yakawa maji ya mji. Idarusi, aliyekuwa walii wa bibi harusi, akatamka kumwozesha. Kisha jini akamfunika bibi harusi kwa joho la moshi, wakaingia mtungini wote wawili.

Idarusi akayeyusha bangili na shaba kidogo. Akawaza kuiharibu kazi. Angeacha uchafu kwenye mshono, basi, na lehemu isingeshika, na mwanawe angetoka. Lakini nje akasikia ndoo ya kwanza ikigonga maji kisimani, na wanawake wakilia kwa furaha, na mkono wake ukasafisha chuma, ukasafisha shaba, ukaongoza moto sawasawa. Fedha ikakimbia kuizunguka shingo, ikapoa, ikabaki nyeupe, kila mtu akaiona.

Sultani akamtunukia jumba, mashamba na majoho ya hariri, na hakuna mfua shaba aliyepata kuwa tajiri kama yeye. Kwa mafundi wote waliokuja kujifunza kwake alisema neno lilelile, kwamba lehemu huchaguliwa kwa kile itakachokishikilia, na macho ya watu si kipimo. Walimsikiliza kwa heshima, wakaenda zao.

Na kila Ijumaa huitwa kasrini kuukagua mshono. Huinama, akapitisha ukucha juu ya mstari ule mweupe, taratibu, akitafuta ufa, hata mdogo kama unywele. Ndani bangili iliyobaki hugonga shaba, naye hujibu kwa ukucha. Huzunguka tena, na tena, mpaka walinzi wamshike mkono. Ufa haupati.