Oili Nyeupe

Kulikuwa na fundi mmoja wa mashine za boti. Fundi huyu nimemtunga mwenyewe, lakini mniwie radhi, ananikera kama jirani anayefungulia redio alfajiri. Nikimfikiria tu napandwa na hasira.

Asingekuwa anajua kazi, ningemsamehe. Alikuwa fundi hasa! Unamletea mashine imelala wiki mbili, anavuta kamba mara moja, anaisikiliza, anakwambia ugonjwa. Watu wa ng'ambo walimletea mashine zao kisiwani kwake. Lakini kisiwani penyewe boti yenye mashine ilikuwa moja tu, ya baba mkwe wake. Wengine wote walipiga kasia.

Sasa, mke wa fundi alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo nesi wa zahanati aliwaambia waziwazi: "Uchungu ukianza, hapa msije. Vukeni moja kwa moja mwende hospitali." Wavuke na nini? Na boti ya mkwe. Nyingine ipo? Haipo. Mmenielewa, jamani? Uhai wa yule mama na wa mtoto wake ulikuwa juu ya mashine ile.

Na kwa watu wale, mkwe ni mkwe. Huli naye sahani moja. Humtazami usoni. Akisema neno, wewe ni "ndiyo, baba", basi.

Siku moja mzee akamtumia ujumbe aje abadilishe oili ya gia. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, rangi imebanduka yote. Ninyi msiowahi kuishika, nisikilizeni. Kule chini, karibu na pangaboi, ndiko gia zinakokaa, ndani ya oili yake. Kuna skrubu mbili, ya chini na ya juu. Unafungua zote mbili, oili ya zamani inashuka, halafu unasukuma mpya kutokea chini mpaka ichungulie juu. Ikishuka nyeusi, ni uchakavu tu, haina neno. Ikishuka nyeupe kama chai ya maziwa, hapo maji yameingia. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekufa. Hata ukitia oili mpya leo, siku chache tu nayo ni maziwa, na gia zinajisaga zenyewe taratibu bila wewe kusikia kitu.

Fundi akafungua. Ikashuka nyeupe pe!

Mzee amesimama nyuma yake. "Mbona umenyamaza? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Naona... imechanganyika kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo, baba."

"Si uiweke mpya ufunge? Mashine hii niliinunua wewe hujaota hata ndevu. Haijawahi kunilaza majini."

Hapa ndipo ninapotamani nimshike masikio! Dawa alikuwa anaijua. Boti ivutwe nchi kavu, gia zifunguliwe, sili iagizwe ng'ambo, siku nne au tano kazi imekwisha. Mke wake alikuwa bado na wiki kadhaa. Muda ulikuwepo! Kilichotakiwa ni sentensi moja: "Baba, boti hii isiingie majini." Sentensi moja tu, ndugu zangu. Ina uzito gani hiyo?

Akasema, "Ndiyo, baba." Akaweka mpya, akafunga, akafuta mikono. Mzee akamshukuru sana, akasema binti yake amepata mume mwenye adabu.

Mwenye adabu! Haya.

Siku tisa baadaye, asubuhi, uchungu ukaanza. Mapema kuliko walivyotegemea. Wakampakia mama botini, mzee mwenyewe akashika usukani, fundi akakaa amempakata mke wake. Na ninyi niambieni, mnadhani yule fundi alikuwa anamsikiliza nani? Mke wake analia, na yeye masikio yako kwenye gia. Nesi aliyewasindikiza alidhani kijana anaomba. Kuomba gani? Alikuwa anahesabu mlio.

Katikati ya maji mlio ukabadilika. Gia zikaanza kusaga kama zinatafuna mawe, halafu tak! Mashine inanguruma, pangaboi halizunguki. Boti ikasimama pale pale.

Walikuwa na makasia mawili. Walipiga kasia kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linaanza kulala, mzee upande huu, fundi upande ule, viganja vinavuja damu. Walipofika, madaktari walimwokoa mama. Mtoto hawakumpata. Alikuwa wa kike.

Wakakaa kwenye benchi nje ya wodi, mzee na mkwewe. Mzee akamgeukia, na safari hii akamtazama usoni.

"Siku ile ulipofungua, oili ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe, baba."

"Ukajua ni nini?"

"Nilijua."

"Na kinywa chako kilikuwa na nini?"

"Niliona haya kukupinga, baba. Wewe ni mkwe wangu. Ningekuvunjia heshima."

Mzee akasema: "Mwanangu, wakwe ninao wanne. Ningetaka mtu wa kuniitikia ndiyo baba, ningemwita yeyote kati yao. Nilikuita wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua. Kumbe uliniona mimi ni mtu wa kupenda chuma kuliko mtoto wangu? Heshima gani hiyo?"

Akainuka, akaenda kukaa benchi lingine.

Naona mnamsikitikia mama, na mnamkasirikia fundi. Vizuri. Sasa geukeni mjitazame, maana sisi katika kanisa hili ni mafundi watupu!

Mzee wetu wa kanisa anakuja ibadani ananuka pombe. Tunaona. Tunafanya nini? Tunampa mkono, tena kwa mikono miwili. Dada yetu ana alama shingoni wiki ya tatu sasa, na mume wake amekaa kiti cha mbele. Tunasema nini? "Ni mambo ya nyumbani kwao." Halafu tunatoka hapo nje, vikundi vikundi, kila mmoja anaeleza vizuri kabisa oili ilivyokuwa nyeupe! Tunamwambia nani? Kila mtu, isipokuwa mwenye boti. Na tukiulizwa, tuna jibu tamu: ni mkubwa wangu, ni mkwe wangu, nilimheshimu. Huo ni woga, ndugu zangu. Tunamwogopa mtu kuliko tunavyompenda, halafu tunauvisha woga nguo ya kanisani.

Na msidhani najitoa. Wiki mbili zilizopita nilimfokea mke wangu pale mlangoni, mbele yenu, kwa sababu ya funguo tu. Watu wazima kumi na zaidi mlinisikia. Nani alinifuata? Hakuna. Mmoja alinipokea begi! Mwingine akaniambia, "Mchungaji, leo umetubariki sana." Nimewabariki! Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika sijakosea kitu, na mke wangu akapika huku analia.

Basi tukimaliza hapa nitakaa kwenye benchi la nje. Salamu leo sizitaki. Mwenye neno juu yangu aje aniambie, hata kama ni mdogo wangu, hata kama ni mkwe wangu. Nikikasirika, nikasirike. Halafu akitoka kwangu, aende kwa yule wa kwake anayemjua, kabla hawajapakia mtu botini.

Tusimame, tuombe.