Gari la Nuhu na Rafiki wa Kasulu

Wahenga hawakuwahi kumiliki gari, lakini maneno yao yanaingia gereji kana kwamba yalitungiwa humo. Walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Maana yake ni kwamba mtu anayeficha ugonjwa kwa aibu huupa nafasi ya kukua, na siku utakapomzidi, vilio vya nyumbani kwake vitawaambia majirani yale ambayo mdomo wake ulikataa kuyasema. Nuhu wa Ujiji aliijua methali hii tangu shule ya msingi, na aliwafundisha hata watoto wa wenzake. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine.

Nuhu alikuwa mfanyabiashara wa mawese, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye kitambi cha kutosha. Mtu wa namna hiyo ungetarajia anunue pikapu. Yeye alinunua gari la michezo, jekundu, la milango miwili, lililoinama mbele kama jogoo anayetaka kudonoa, na lililokuwa limeshazeeka kabla halijaiona Kigoma. Kuliingia kulimlazimu kutanguliza mguu, kisha kitambi, kisha bismillahi. Mkewe, Kuruthumu, alipoliona mara ya kwanza aliuliza madumu ya mawese yatakaa wapi. Nuhu akaona amedharauliwa. Mbele ya majirani waliokuja kulishangaa, akaapa kwamba siku gari hilo litakapougua, hata mafua, ataliuza arudi kwenye baiskeli. Hakuna aliyekuwa amemwomba kiapo.

Basi gari likaugua.

Lilianza kidogo. Asubuhi akiliwasha, injini ililia ko-ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha, kisha ikanyamaza ilipopata moto. Nuhu akajiambia ni baridi ya ziwa. Baada ya siku kadhaa ikawa hainyamazi, akajiambia ni mawe ya barabarani. Gari likasimama, mawe hayapo, sauti ipo. Ndipo alipoamua kuongeza sauti ya redio. Kila alipompakia mkewe, taarabu ilifunguliwa mpaka vioo vikatetemeka, mwanamke wa watu akawa anashuka amejishika masikio. Na taa nyekundu ya oili ilipoanza kuwaka mbele yake, Nuhu alinunua stika iliyoandikwa Mashaallah, akaibandika juu ya taa. Akaitazama, akaridhika.

Hakukosa fundi. Tatizo lilikuwa fundi mwenyewe. Magari ya namna ile yalikuwa na fundi mmoja tu wa kuaminika pale Ujiji, naye ni Swaibu, kaka yake Kuruthumu, mtu ambaye siri haikuwahi kulala kinywani mwake. Kumwonyesha Swaibu gari ilikuwa sawa na kumtangazia Kuruthumu. Na harusi ya Ikram, binti yao wa pekee, ilikuwa imewadia. Tangu Ikram akiwa mdogo, Nuhu alimwahidi kwamba siku ya kuolewa atampeleka yeye mwenyewe kwa mumewe, kwa gari lake, si la kukodi. Mtoto hakuisahau ahadi hiyo, na siku hizi aliisimulia kwa kila mgeni. Gari likiuzwa kabla ya harusi, Nuhu angemtazama kwa jicho gani?

Hata hivyo hofu ilimzidi. Siku moja akaliacha gari nyumbani, akatembea kwa miguu mpaka gereji, akazunguka sana kwa habari za dagaa wa Katonga na mvua zilizochelewa. Mwishowe akasema kwamba ana rafiki yake, yuko Kasulu, ana gari linalogonga.

Swaibu alitoka chini ya lori, akamtazama. Akauliza kama linagonga likiwa baridi tu. Nuhu akajibu hapana, hata likipata moto, hasa likipanda kilima cha kwenda Katonga. Kisha akakumbuka kwamba gari liko Kasulu, akaongeza kuwa rafiki huyo hupenda sana kuja kutembea. Swaibu akauliza kama linavuja. Kidogo tu, alisema Nuhu, juu kule upande wa kulia, na akanyoosha kidole hewani kuonyesha mahali penyewe. Swaibu akataka kujua ni gari la rangi gani. Nuhu akasema hilo hakumuuliza.

"Shemeji," alisema Swaibu akijifuta mikono, "mwambie rafiki yako tapeti, vile vyuma vidogo vya juu ya injini, zinalia kwa sababu oili inaisha, na oili inaisha kwa sababu mpira wa mfuniko wa injini umekauka. Ni kazi ndogo. Lakini alilete. Gari halitibiwi kwa salamu."

Nuhu akaahidi kuufikisha ujumbe, na ujumbe ukaishia hapo hapo.

Siku ya harusi, baada ya swala ya alfajiri, aliliwasha gari likagonga mpaka kuku wa jirani wakapiga kelele. Akalizima upesi, akachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu. Duka pekee la oili lililofunguliwa saa ile lilikuwa limepakana ukuta na gereji ya Swaibu. Nuhu akaangaza macho uani, na macho yake yakatua kwenye madumu ya mawese. Sasa, mtu wa Kigoma ana imani na mawese ambayo wageni hawaielewi. Mtoto akibanwa na kifua hupakwa mawese, bawaba ikilia hutiwa mawese, na mnyororo wa baiskeli ya marehemu baba yake Nuhu haukuwahi kuonja kitu kingine mpaka baiskeli ikamzika mwenyewe. Nuhu akawaza kwamba chuma ni chuma. Akayapasha moto mawese yakayeyuka vizuri, akayamimina kwenye injini, akaliwasha gari.

Kimya. Injini ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Nuhu nusura alie kwa furaha, na kama angeweza angempigia simu yule rafiki wa Kasulu ampe habari njema.

Mchana, ndoa ilipokwisha kufungwa, msafara ukaondoka kwenda Katonga kwa kina bwana harusi. Mbele ilikwenda pikapu ya Swaibu iliyobeba wapiga matarumbeta, ikafuata gari jekundu lililopambwa maua, na nyuma zikaja bajaji za Kuruthumu, mashangazi na majirani. Ikram alikaa karibu na baba yake, shela limejaa mpaka kwenye usukani, na mpambe wake, Winfrida, alikunjwa kiti cha nyuma magoti yakigusa kidevu. Ikram akamshika baba yake mkono, akamwambia kwamba aliahidi na ametimiza. Nuhu akajipangusa macho kwa mkono wa kanzu.

Walipoanza kupanda kilima, harufu ikaingia garini. Winfrida, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, alisema kuna mahali wanakaanga samaki. Nuhu akakubali upesi kwamba nyumba za huku wanapika sana. Wakazipita nyumba zote, na harufu haikubaki nyuma. Kwenye bajaji, mashangazi wakaanza kuwasifu watu wa Katonga kwa ukarimu, maana chakula chao kinanukia tangu mbali. Kisha moshi ukachungulia kwenye boneti. Ikram akauliza ni nini kile. Baba yake akaongeza sauti ya redio.

Ko, ikasema injini. Ko-ko. Halafu ikatoa mlio ambao hakuna redio duniani ingeweza kuufunika, mlio mrefu wa chuma kinachokwaruza chuma, ukayapita matarumbeta na kuteremka hadi mwaloni ufukweni, ambako wauza dagaa waliinua vichwa. Wapiga matarumbeta wakashusha vyombo vyao. Gari likashtuka, likakohoa, likafa katikati ya kilima, mbele ya majirani wale wale waliosikia kiapo.

Swaibu alishuka na spana zake, akafungua boneti. Mawese yalikuwa yametiririka kutoka kwenye mfuniko, yanachemka juu ya bomba la moshi kama kwenye kikaango. Akachomoa kile kijiti, akakinusa, akagusisha tone kwenye ulimi.

"Haya nimeyala jana kwa maharage," alisema.

Akajaribu kuizungusha injini kwa spana kubwa, ikagoma. Akatangaza kwamba imenoki, yaani vyuma vya ndani vimeshikana na haitawaka tena. Kisha akamgeukia shemeji yake, akamuuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama yule rafiki wa Kasulu naye alitia mawese. Winfrida ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikashuka kilima kutoka bajaji hadi bajaji. Ikram peke yake hakucheka. Machozi yalimtoka yakateremka na wanja, na Nuhu alipoyaona alihisi aibu kubwa kuliko zote alizokuwa akizikimbia.

Ilibidi bi harusi ahamishiwe kwenye pikapu ya fundi. Kuruthumu akatandika kitenge chake juu ya kiti chenye grisi, akamfuta mwanawe uso. Nuhu alipanda nyuma pamoja na wapiga matarumbeta, akapewa ngoma aishike. Hivyo ndivyo baba wa bi harusi alivyoingia Katonga, amesimama, kanzu ina mawese, ameikumbatia ngoma. Ikram akageuka, akamwona kupitia kioo cha nyuma, na hapo kicheko kikamshinda. Nuhu alipomshika mkono kumshusha, Ikram akamwambia, "Umenileta mwenyewe, baba. Hilo hukudanganya."

Kesho yake gari lilikuwa limevutwa hadi uani, na majirani wakaja kutoa pole. Walitandika mkeka kando yake, wakakaa kama wanavyokaa msibani, wakauliza kwa upole marehemu alikuwa akisumbuliwa na nini. Swaibu naye alifika, akatoa mfukoni mpira mwembamba uliofungwa kwenye gazeti. Ulikuwa ule mpira wa mfuniko, alioutafuta kabla hata rafiki wa Kasulu hajatajwa. Nuhu akauliza ni nani aliyemwambia. Swaibu akanyoosha kidevu kumwonyesha Kuruthumu, ambaye aliisikia ko-ko-ko tangu asubuhi ya kwanza, akifagia uani, redio ikiwa bado haijafunguliwa.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Nuhu.

"Uliapa mbele za watu," alijibu Kuruthumu. "Nilikuwa nangoja uje uniambie linaumwa, nami nikwambie hicho kiapo tulishakisahau zamani. Nimengoja, mume wangu, mpaka masikio yameziba kwa taarabu yako."

Nuhu aliinuka. Alikwenda stoo akaitoa baiskeli ya marehemu baba yake, akaupaka mnyororo mawese, akapanda na kitambi chake akaelekea sokoni. Baiskeli ilikwenda kimya kabisa. Waliokuwa mkekani walimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona, ndipo Swaibu akaushusha mpira wake juu ya boneti jekundu kama mtu anayeweka shada, akasema mficha maradhi, kilio humuumbua.