Mtoto wa Bi Kifaru

Hapo zamani za kale, na wala si kale mno, maana kufuli zilishakuwepo, wanyama walikusanyika mtoni wakaitupa minyororo yote majini. Chubwi! Chubwi! Ngoma ikapigwa siku saba. "Utumwa umekwisha!" wakaimba. Hee! Ungekuwa umekwisha kweli, mimi leo ningekuwa na hadithi gani? Wewe unayesinzia huko nyuma, kaa sawa.

Basi palikuwa na Digidigi, msichana mdogo, miguu kama vijiti vya kiberiti. Aliishi na mama yake mgonjwa. Siku moja akawatembelea Kunguru, shingo nyeupe utadhani karani mwenye kola.

"Binti, kazi ipo ng'ambo ya mto, kwa Bi Kifaru," akasema. "Kulea mtoto mmoja tu. Mshahara kila mwezi. Utamtumia mama dawa."

Digidigi akaaga, akaenda kivukoni. Mwenye kivuko ni Mamba, na sheria yake ni moja: mwenye hati ya kuvukia hupanda mgongoni, asiye na hati huingia tumboni. Digidigi akaonyesha hati yake, aliyopewa na Kunguru, akavuka.

Bi Kifaru akampokea kwa mikono miwili. "Karibu mwanangu! Lete hiyo hati nikutunzie, isije ikapotea." Akaitia kashani, akafunga. Kacha! Ufunguo akauvaa shingoni.

Mtoto mmoja? Thubutu! Walikuwa tisa, na kila mmoja analia kwa sauti yake. Digidigi akapika, akachota maji, akamkanda Bi Kifaru miguu, akalala jikoni kwenye majivu. Mwezi ukaisha, akaomba mshahara.

"Mshahara!" Bi Kifaru akashangaa. "Wewe mtoto wangu. Tangu lini mtoto akalipwa kwao?"

"Basi nikamwone mama yangu."

"Nenda. Mlango huo hapo. Mamba leo hajala."

Miaka mitatu ikapita hivyo. Na hakuwa peke yake. Alikuwepo Pimbi wa kufua, Bata wa kufagia, na mzee Kobe wa bustani, ambaye alisahau hata alikuja lini. Hati zao zote zilikuwa ndani ya kasha lile. Minyororo hakuna, lakini nani alithubutu kutoka?

Sasa, Kindi hana haja ya kivuko. Yeye huruka juu kwa juu, tawi hadi tawi, anakuja kuiba karanga za Bi Kifaru. Siku moja akaingia dirishani, hakugusa karanga hata moja.

"Dada Digidigi, nimetoka kwenu. Mama yako hajiwezi. Kila asubuhi anauliza kama umefika."

Digidigi akalia, jamani, akalia mpaka ugali ukaungua. Kisha akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Kindi, una kanzu?"

"Kanzu ya nini?"

"Ijumaa uje kuniposa. Sikiliza."

Mnajua Bi Kifaru alikuwa na ugonjwa gani? Sifa! Kila Ijumaa wanawake wa mtaa wakija kunywa kahawa, alimwita Digidigi na kumpapasa kichwa mbele yao. Ijumaa hiyo pia akafanya vilevile.

"Mnamwona huyu? Sikumzaa, lakini ni mwanangu hasa!"

Hodi! Hodi! Kindi huyo, kanzu inaburuta, kofia imemfunika masikio.

"Mimi ni mshenga," akasema. "Tumesikia nyumba hii ina ua zuri. Nimetumwa na ukoo mkubwa wa ng'ambo, wenye masikio kama mikeka. Jina silitaji, wakubwa hawatajwi ovyo."

"Tembo!" Bi Kifaru akashika kifua. "Shoga zangu, mimi nitakuwa mkwe wa Tembo!"

"Aririririi!" Bi Nyati, jirani yake, akapiga kigelegele.

"Ila wanamtaka leo leo," akasema Kindi.

Bi Kifaru akasita. Chakula cha jioni je? Watoto tisa je?

"Mbona umenywea, shoga?" akauliza Bi Nyati. "Mama huwa anafurahi. Au huyu si mwanao?"

"Mwanangu! Nani kasema si mwanangu?"

"Na wapambe wake?" Kindi akadakia. "Nyumba ya heshima haitoi bibi harusi peke yake."

"Mimi binti yangu alitoka na wapambe watano," Bi Nyati akajisifu.

Loo! Sifa zikampanda Bi Kifaru kichwani. "Atoke Pimbi! Atoke Bata! Atoke na Kobe!"

"Kobe mwanamume," akanong'ona mtu.

"Mfunikeni shela!"

Mzee Kobe akafunikwa shela. Nacheka mpaka leo nikimfikiria.

Wakashuka mtoni kwa nyimbo, wanawake wote nyuma. Mamba akafungua mdomo. "Hati!"

Kindi akamgeukia Bi Kifaru. "Mama wa bibi harusi, utatoa hati, au aende tumboni?"

Mbele ya watu angesema nini? Akavua ufunguo, akaagiza kasha liletwe, akafungua mwenyewe kwa mkono wake. Hati nne zikatoka. Digidigi akaishika yake. Wakapanda mgongoni, haooo, wakavuka, Kindi akipita juu kwa juu matawini.

Walipokanyaga ng'ambo, Kindi akavua kanzu. Bata akarusha kanga hewani. Kobe akalikanyaga shela.

"Bwana harusi yuko wapi?" akaita Bi Kifaru.

"Hajazaliwa!" akajibu Kindi.

"Bibi," Digidigi akapaza sauti, "mimi nina mama mmoja, nami nakwenda kumwona!" Akachomoka mbio, tiki-tiki-tiki, hakugeuka nyuma.

Bi Kifaru akapandwa na hasira, akapiga mguu chini, vumbi tupu. "Mkamateni! Nani atapika? Wakamateni watumwa wangu!"

Nyimbo zikakatika. Kila mtu akamtazama.

"Umesema watumwa wako?" akauliza Bi Nyati polepole.

Kisha Bi Nyati mwenyewe akainamisha pembe, kwa sababu nyumbani kwake pia kulikuwa na kasha, na ndani ya kasha palikuwa na hati ya mpishi wake. Akaondoka bila kuaga. Jioni ile akafungua, akampa mpishi hati yake na mshahara wake wote. Kesho yake jirani mwingine akafungua, na wa tatu. Wengine hawajafungua hadi leo, lakini Kindi bado anapita madirishani, na kanzu anayo.

Ninyi wanangu, shikeni hili: anayekuita mtoto wake huku amekufungia njia ya kwenu, huyo si mzazi, ni bwana wa watumwa.